Mwaka Niliopanda Vijito kwa Magoti

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali kwa sababu umekatazwa kukaa, pole sana. Najua mikono inavyochoka kushika kitabu juu ya uso, na najua kwamba sasa unaifahamu dari ya wodi kuliko unavyoufahamu uso wa mama yako. Mimi nililala hivyo tangu maembe ya mwisho ya msimu yalipokuwa yakiuzwa nje ya dirisha mpaka mvua za masika zilipokwisha. Sasa natembea. Mgongo wangu una kinundu, na nikichoka mguu wa kushoto unaburuza, lakini natembea, na napanda kingo za mto.

Sitakueleza TB ya uti wa mgongo ni nini. Hilo waulize waliolisomea. Mimi shule niliiacha mapema, na mengi ninayoyajua nimejifundisha mwenyewe kwa kusoma kila karatasi iliyofungiwa sukari. Nataka kukueleza kuhusu kupanda, kwa sababu nilipokuwa naumwa niliambiwa habari za vidonge, maziwa na kupumzika, na hakuna aliyeniambia kuhusu kupanda.

Kwetu ni Hewani, kando ya mto Tana, safari ya mtumbwi kutoka Garsen. Watu wa mbali hudhani nchi yetu ni tambarare tupu, na ukisimama juu ni kweli. Lakini mto umeichimba ardhi. Kuteka maji, kufua, kwenda shamba la ng'ambo, kwenda zahanati, vyote vinaanza kwa kuteremka ukingo wa udongo mrefu kuliko nyumba na vinaisha kwa kuupanda. Kila mji, yaani kila boma la familia, una ngazi yake iliyochongwa ukingoni kwa jembe, na mafuriko yakiibomoa inachongwa upya. Ngazi ya Mama ilisifiwa. Ilikuwa imesimama wima, vidato vyake vimenyooka kama vya seremala, kila kidato kinafika gotini. Niliipanda tangu utotoni na ndoo kichwani bila kuifikiria hata siku moja.

Maumivu yalianza tukipalilia mpunga, mwaka ule wa Elinino kabla mvua hazijaanza. Yalikaa kiunoni kama mkanda uliokazwa. Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Mimi ni mtu wa kurudia. Nikiosha sahani nikaona haikung'aa, naosha zote upya. Mstari wa mpunga ukipinda, naung'oa wote. Kwa hiyo mgongo ulipouma nilidhani nainama vibaya. Nikajifunza kuinama vizuri zaidi, na maumivu yakazidi.

Kisha miguu ikaanza kutetemeka yenyewe. Nikikaa kwenye kigoda, goti linapiga ngoma bila ruhusa yangu. Kaka yangu Komora aliona ni mchezo.

"Esta, mguu wako umesikia muziki gani?"

"Nyamaza wewe."

"Si mimi, mwambie huo mguu unyamaze."

Alicheka, nami nikacheka. Siku mvua zilipoleta mto mpaka mlangoni, nilisimama nikimbie na miguu ikakataa. Mama alinibeba mgongoni. Mama ni mwembamba, na maji yalikuwa yamemfika kiunoni, lakini alinibeba mpaka kwenye mtumbwi huku akiniambia, "Nishike shingo, mwanangu, usiikabe, ishike tu." Nilikuwa msichana mkubwa mwenye matiti, nimebebwa kama mtoto wa kunyonya mbele ya kijiji kizima. Hapo niliona haya kuliko nilivyoona hofu, na sijivunii hilo.

Garsen ilikuwa imejaa watu waliokimbia maji. Tulilala katika darasa la shule, familia nyingi kwa chumba kimoja, na barabara ya Malindi ilikuwa imekatika. Hicho ndicho chumba changu cha kwanza cha kungoja. Kila asubuhi Komora alikwenda kuangalia kama kuna gari lililofika, na kila asubuhi alirudi na habari ya maji. Mama alinigeuza ubavu huu na ubavu ule. Nilianza kujikojolea. Mwanamke mmoja wa mkeka wa jirani, sikuwahi kumjua jina, alikuwa akiamka kabla ya watu, anachukua kanga yangu iliyolowa na kuirudisha imekauka, bila kusema neno. Nikikumbuka mwaka ule, namkumbuka yeye kabla ya madaktari.

Barabara ilipopitika tukafika Malindi, na huko benchi lilikuwa refu. Ukiugua muda mrefu unajua mabenchi. Lile la eksirei lilikuwa baridi na lilitikisika. Lile la maabara lilikuwa na mzee mwenye chupa ya chai aliyemmiminia kila mtu kidogo kwenye kifuniko. Lile la daktari halikuwa na mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu kila mmoja alikuwa akiutazama mlango.

Daktari alituonyesha picha. Hata mimi niliona: mifupa miwili ya mgongo ilikuwa imelika kama mahindi yaliyoingiwa na dumuzi. Mama aliuliza swali moja tu. "Atatembea?"

"Wengi hutembea," daktari akasema. "Dawa kwanza. Mengine tutaona."

Mama hakulipenda lile neno wengi. Alilitafuna njia nzima hadi wodini.

Miezi miwili ya kwanza niliihesabu kwa sindano. Kila asubuhi, upande wa kulia, kesho yake wa kushoto. Nesi wa zamu ya asubuhi, mama mnene mwenye sauti nyororo, alikuwa akinipiga kofi dogo kabla ya kuchoma.

"Fikiria maembe."

"Nafikiria."

"Maembe gani?"

"Ya Ngowe."

"Haya, yamekwisha."

Siku ya sindano ya mwisho nilimwambia sitaweza tena kula embe bila kusikia maumivu ya tako. Akacheka mpaka akashika kitanda.

Vidonge vilifanya mkojo wangu uwe na rangi ya Tana wakati wa mafuriko. Hakuna aliyenionya, na siku ya kwanza nilidhani ninakufa. Wewe nakuonya. Kisha wakanivika koti la plasta kutoka kwapani hadi nyongani, na chini yake nikawashwa usiku na mchana. Mama alilala chini ya kitanda changu, juu ya kipande cha boksi. Alinikuna kwa chelewa ya ufagio, akiipenyeza taratibu kati ya plasta na ngozi. Siku moja nilimwambia, "Si hapo, juu kidogo, hapana, chini, umepita tena," na Mama, ambaye hakuwa amenipazia sauti tangu niugue, akaitupa ile chelewa.

"Mimi pia nina mgongo, Esta!"

Alitoka nje. Aliporudi alikuwa na ndizi mbili mbivu, tukala kila mtu yake, kisha akaokota chelewa akaanza tena. Nakueleza haya ili ujue yatakutokea, na kwamba hayamaanishi hupendwi.

Nilirudi Hewani masika yalipokwisha, plasta imeondolewa, vidonge vikiwa kwenye mfuko, na maagizo kwamba nikachukue vingine Garsen kila mwezi. Miguu ilikuwa na uhai tena, lakini ilikuwa kama miguu ya mtu mwingine niliyoazimwa. Kwenye ardhi sawa nilitembea kwa fimbo. Mtumbwi ulipofika chini ya ngazi yetu niliangalia juu, na ngazi ile ya Mama ilikuwa imekuwa ukuta. Komora hakuuliza. Aliniweka begani kama gunia la mpunga.

"Umekuwa mwepesi," akasema tulipofika juu, akihema. "Lakini si mwepesi hivyo."

Baba yetu alifariki nikiwa mdogo. Katika mji tulikuwa watatu. Wiki ile ile Mama alinikalisha barazani akaniambia mpango. Komora alikuwa amepata kazi Garsen na angeondoka kabla ya mvua za vuli. Mama mwenyewe hakuwa na nguvu tena ya kunibeba. Shangazi, dada yake baba, alikuwa Malindi, nyumba yake iko kwenye mchanga ulio sawa, na hospitali ni karibu.

"Siku Komora akiondoka, kama huwezi kuupanda ukingo mwenyewe, utakwenda kwa shangazi yako."

"Kwa muda gani?"

Mama alitazama mtoni. "Mtu asiyeupanda ukingo ataishije hapa, mwanangu?"

Hakuwa mkali. Ndiyo sababu iliniuma. Nilikuwa nimeota nyumbani tangu maembe, na sasa nyumbani palikuwa juu ya ukuta.

Mafuriko yakiisha kwetu, maji hayaondoki yote mara moja. Yanabaki mashambani na kwenye maziwa ya nyuma ya kijiji, kisha yanarudi mtoni polepole kwa vijito. Kila kijito kinakata ukingo, kinaruka kutoka ngazi moja ya udongo mgumu hadi nyingine, na kufanya maporomoko madogo, mengine ya kufika gotini, mengine kifuani. Mwaka ule wa Elinino vijito vilikuwa vingi na vilidumu. Nilikuwa nimekaa juu ya kimoja nikilia nilipomwona kenge akikipanda. Hakusimama wima. Alitandaza mikono na miguu, tumbo likagusa maji, akafika juu akanipita kama anayepita kiti. Nikajiuliza nani alisema lazima nipande nikiwa nimesimama.

Daktari alikuwa ameniambia nitembee, nisibebe mzigo, nisianguke. Wewe mwulize wako kwanza. Mimi nilimwuliza daktari aliyekuja Garsen, naye akasema, "Ukitambaa, utaanguka kutoka wapi?" Nikaichukua hiyo kuwa ruhusa.

Anza na kijito chenye mchanga. Kwetu kiko nyuma ya migomba ya jirani, mteremko wake ni mdogo, maji yanafika kifundo cha mguu, na ukichoka unalala tu mahali ulipo na maji yanakupoza. Komora alipigilia vijiti mdomoni mwake, pale kinapoingia mtoni, ili mamba asije kuniamkia. Usipande kijito ambacho chini yake kuna maji ya kina, hata kiwe kizuri namna gani. Tumia magoti. Hamisha kitu kimoja kwa wakati, mkono au goti, na vile vitatu vingine vibaki vimeshika. Usishike matete, yanang'oka. Shika mizizi, na kabla ya kuiamini ivute kwanza kama unavyovuta kamba ya mbuzi. Kushuka, geuza uso ukingoni na utangulize miguu. Utalowa na utachafuka. Vaa nguo ambayo mama yako ameshaikatia tamaa.

Nilikuwa katikati ya kijito hicho, siku za mwanzo, niliposikia mtu juu yangu akicheka. Alikuwa Mama Barisa, mwanamke wa Kiorma aliyekuwa akituletea maziwa kijijini.

"Wallahi, mimi nafikiri ni kenge! Mimi nataka kupiga na jiwe!"

"Ni mimi, Mama Barisa. Esta."

"Esta ya mgongo?"

"Ndiyo."

"Wewe nafanya nini huko chini?"

"Najifunza kupanda."

Alichuchumaa na kibuyu chake akatazama muda mrefu, kama mtu anayeangalia ng'ombe kabla ya kumnunua. "Miguu ya nyuma ni mbaya," akasema mwishoni. "Miguu ya mbele ni mzuri." Kisha akanimiminia maziwa kwenye kifuniko, na alipogundua siwezi kuachia mikono, akateremka akaninywesha.

Kijito cha mchanga nilikizoea katika vidonge vya mwezi mmoja. Nikahamia cha pili, cha maporomoko, chini ya mkuyu mkubwa. Hicho ni kizuri kuliko vyote. Mizizi ya mkuyu imeshuka pamoja na maji kama kamba, na kila poromoko lina kibwawa cha kukaa. Ukikaa pale, maji yanakupiga mabegani, unasahau kidogo. Lakini hapo ndipo tabia yangu ilipoamka. Niliamua kwamba kupanda vizuri ni kupanda bila kuteleza. Goti likiteleza, nilishuka mpaka chini na kuanza upya. Nikiteleza karibu na mwisho, nilishuka vilevile. Hakuna aliyeniamuru. Nilijiona nikijiandaa kwa ngazi ya Mama, na ngazi ya Mama haikuwa na mahali pa kosa. Jioni moja, baada ya kushuka na kuanza mara nyingi mno, mikono ilikufa ganzi nikaachia mzizi. Nilianguka kibwawani kwa matako, yale yale ya maembe.

Sikuumia. Lakini Mama alikuwa amesikia kelele. Alikuja mbio, akaniona nimekaa majini nikijipapasa mgongo, naye akakaa chini palepale, kwenye matope, na kanga yake safi.

"Basi," akasema. "Basi, Esta. Kesho naandaa begi."

Begi lenyewe lilikuwa jeusi, zipu yake imekufa, linafungwa kwa kamba. Lilikaa karibu na mlango tangu siku hiyo. Nililipita kila nilipotoka kwenda kupanda.

Kuna njia ya tatu, na hiyo sikuihesabu. Chini kidogo ya mji wetu kuna malka. Malka ni njia ya mifugo iliyoachwa kati ya mashamba yetu tangu zamani, ili Waorma wateremshe ng'ombe wao kunywa maji. Kwato zimeilaza ardhi mpaka imekuwa mteremko mrefu wa kukata kona, na katikati yake kulikuwa na kijito kidogo cha maji ya mafuriko. Mama Barisa aliniambia zaidi ya mara moja nipande pale.

"Hiyo ni ya ng'ombe," nikamjibu.

"Ng'ombe iko na miguu ine, wewe iko na miguu ine. Kwa nini kataa?"

Nilikataa kwa sababu ilikuwa rahisi. Niliona ni kama kuibia mtihani. Tena, wakati huohuo, Komora alikuwa ameiziba. Mafuriko yalikuwa yamejaza juu ya malka tope jipya, jeusi, lenye rutuba, na yeye aliona ni ujinga kuliacha bila mbegu. Alipanda mahindi, akaweka miiba juu, kwenye mlango wa malka. Si yeye peke yake aliyefanya hivyo mwaka ule. Kila mafuriko makubwa huwafanya watu wasahau mpaka uko wapi.

Mama Barisa alimkuta akikata miiba.

"Komora, ndama yangu itakunywa wapi?"

"Wapite kule kwa juu."

"Kule juu ni mbali. Ndama ni ndogo."

"Mama, mimi naondoka kwenda kazini. Haya mahindi ni ya mama yangu na mgonjwa wangu. Nikiacha njia, watakula kwato?"

"Kwato hapana. Maziwa je? Mgonjwa yako nakunywa maziwa ya nani?"

Komora akakata tawi jingine la miiba. Mama Barisa alileta maziwa kesho yake kama kawaida, akampa Mama, na kupita mbele ya Komora kama anapita mti. Ndama wake sasa waliteremshwa kule juu, wakapitishwa kando ya maji kwenye ukingo mwembamba, mpaka chini ya malka, wanywe, kisha warudi njia ileile.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya vidonge. Komora alinipeleka Garsen kwa mtumbwi na kunirudisha, na kesho yake angeondoka. Tulipofika chini ya ngazi, Mama alikuwa amesimama juu. Nyuma yake, barazani, nilijua begi lipo.

"Panda, mwanangu," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kuniombea, si ya kunipima.

Nikapanda. Nilikwenda kwa mikono na magoti, kama nilivyojifunza. Kidato cha kwanza, cha pili, na vingine. Lakini ngazi haina mizizi. Imekatwa safi, na nilipofika karibu nusu, mguu wa kushoto ukaanza kupiga ngoma yake ya zamani. Ningeweza kukaa pale nipumzike. Sasa najua hivyo. Lakini goti lilikuwa limeteleza, na mimi ni mtu wa kurudia. Nikashuka.

"Esta, usishuke!" Komora akaita.

Nilikuwa nimeshafika chini. Nikaanza upya, nikaishia chini ya pale nilipofika kwanza. Nikaanza tena. Safari hiyo mikono ilitetemeka pamoja na mguu. Nilipoangalia juu, nilikiona kitambaa cha kichwa cha Mama kikigeuka na kuondoka. Hakutaka nione uso wake.

Nilikaa kwenye kidato cha chini na tope mpaka viwikoni. Nikasema kwa sauti, "Nakwenda Malindi," ili nisikie linavyosikika. Komora alikuwa ameshika kafi, akichora matope kwa ncha yake. Hapo nikasikia kengele. Mama Barisa alikuwa akiwaleta ndama kando ya maji. Walitupita mmoja mmoja, na wa mwisho, mwekundu mwenye goti lililovimba, alichechemea.

Mama Barisa alitutazama wote wawili. Alimpiga yule mwekundu matakoni, na alipofika mdomoni mwa malka hakuwazuia kama siku zote. Aliwaachia wapande, akabaki chini akitazama. Yule mwekundu alipanda pia. Alikwenda kona hii, akasimama, akakojoa, akatazama mto, akaenda kona ile. Hakushuka kuanza upya.

Nikaanza kumfuata. Sikuamua, kusema kweli. Nilitambaa kando ya maji, Komora nyuma yangu akipiga maji kwa kafi kuwatisha mamba, nikaingia malka nyuma ya mkia wa ndama. Matope yalikuwa na mashimo ya kwato, na kila shimo lilikuwa na ukubwa wa goti. Niliteleza. Nikakaa. Nikaendelea kutoka palepale nilipotelezea, na ilikuwa ajabu kwangu, kama kula sahani isiyong'aa na kukuta chakula ni kitamu.

Juu tulikuta miiba. Ndama walikuwa wamesimama mbele yake, nami nimesimama kati yao kwa miguu minne, na nyuma yetu wote alisimama aliyeiweka.

"Komora," nikasema, "fungua."

"Mahindi yangu..."

"Fungua, sitaweza kukaa hapa muda mrefu."

Alipita kati ya ndama akaanza kuvuta. Alikuwa ameifunga vizuri, ni ndugu yangu, sote tunafunga vizuri. Miiba ilimchoma mikono yote, na kutoka chini Mama Barisa akamwita, "Pole, pole! Nani aliweka hiyo kitu mbaya?" Komora alijitahidi asicheke, akashindwa. Njia ilipofunguka, ndama walinitangulia mbio, wakaingia kwenye mahindi. Mimi nilipita polepole, nikalaza mistari miwili kwa magoti yangu, nikafika kwenye mgomba wa kwanza, nikaukumbatia, nikasimama.

Mama alikuwa amerudi ukingoni. Alikuwa amenipa mgongo, ameinama juu ya ngazi yake, anatafuta chini ambako hakuna mtu. Nilimwona bega likipanda na kushuka.

"Mama," nikasema. "Niko huku juu."

Aligeuka. Alinitazama miguuni, akatazama tope, mavi ya ng'ombe, na mkono wangu kwenye mgomba.

"Umepitia wapi?"

"Kwa ng'ombe." Nikaona lazima nikiri. "Ngazi imenishinda, Mama. Hii haihesabiki."

Mama alikuja akanifuta shavu kwa kanga. "Kwani mimi nilikwambia upitie wapi?"

Miezi yote ile nilikuwa nimeshindana na sharti ambalo hakuna aliyeliweka ila mimi. Mama aliingia ndani, akafungua kamba ya begi, na nguo zangu zikarudi kwenye kamba ya ukutani. Shangazi alipelekewa salamu na mkungu wa ndizi.

Komora aliondoka kesho yake na mikono imejaa alama za miiba. Kabla ya kuondoka aliisogeza ile miiba, akazungushia mahindi yaliyobaki upande mmoja, na kuacha uwazi. "Wa ng'ombe mmoja na dada mmoja," akamwambia Mama Barisa. Mama Barisa akajibu kwamba ng'ombe ni wanene, aongeze. Akaongeza.

Vidonge nilivimaliza mwaka uliofuata, mpunga ukiwa umekomaa. Mara ya mwisho kwenye benchi la Garsen alikuwapo kijana mmoja aliyebebwa na wajomba zake, miguu ikining'inia. Nilikaa karibu naye nikamweleza habari za kijito cha mchanga, na cha mkuyu, na malka. Wajomba walidhani nina kichaa. Yeye aliuliza, "Mizizi unaivutaje?" Ndipo nilipojua kwamba nitaandika haya.

Mto ulipanda tena na kubomoa ngazi yetu, kama kawaida. Ulipopungua, Mama alichukua jembe akachonga mpya. Nilikaa juu nikamtazama. Hakuisimamisha wima kama zamani. Aliilaza, akaikata kona, akaacha mzizi wa mkindu utokeze katikati kama mahali pa kushika, na vidato akavifanya vifupi na vipana, havikunyooka hata kidogo. Majirani waliiita ngazi ya ndama, wakaicheka. Sasa wote wanapita hapo, na ndoo zao kichwani.

Siku ngazi ilipokamilika, Mama aliteremka na kupanda mara moja kuijaribu. Alifika juu bila kuhema, akakaa karibu nami akajikanda goti.

"Unajua," akasema, "ile ya zamani ilikuwa inaniumiza tangu wewe hujazaliwa."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nikisifiwa," akasema Mama, akanyoosha miguu yake yote miwili juani.